Sikio Langu na Helikopta

Nimezipenda ndege za kivita tangu utotoni, na sijawahi kupanda hata moja. Ninaishi Eastlands, ghorofa ya tano, upande unaotazama bonde la Mathare, ambako ndege za jeshi hupita chini kiasi cha kutikisa sufuria rafuni. Majirani hufunga madirisha. Mimi hukimbilia juu ya paa na darubini, daftari na kitambi changu. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonifunza aibu.

Nilikuwa na kanuni moja: kwanza nifumbe macho, nisikilize, nitaje aina ya ndege na upande inakotoka, ndipo nitazame. Nikipata, naweka alama ya vema kando ya namba ya mkiani. Daftari lilijaa vema. Ndege hizo zilibeba nini, sikuwahi kuandika. Bomu kwangu lilikuwa uzito tu, kitu cha kupunguza mwendo.

Mchana wa maandamano, helikopta ilizunguka juu ya bonde ikidondosha vitoza machozi. Chini watu walikanyagana vichochoroni. Mimi, katikati ya kamba za nguo, niliandika namba, saa, kisha: "Inageuka vizuri."

Walioniona kutoka chini walikuwa wachinjaji wa mbuzi wa Kiamaiko. Walipanda ngazi watano, gambuti zao zikiwa bado na damu ya kazini. Aliyewaongoza alikuwa mchuna ngozi wa miaka thelathini hivi, na kipande cha bomba mkononi.

"Buda, unaandikia nani?"

"Naandika ndege."

"Anaandika ndege," akawaambia wenzake. "Sisi tunakimbizwa na polisi, yeye anatuchoma kwa makarao hao hao."

Bomba lilinipata sikio la kushoto. Nilianguka, jino likanitoka pamoja na damu, na teke la gambuti likanikuta mbavuni kabla sijajua jino limeenda wapi. Darubini waliivunja kwa kisigino. Kisha walinikokota hadi ukingoni na kunining'iniza kichwa chini, wawili wameshika miguu, mmoja ameshika mshipi.

"Si unapenda kupaa?" mmoja akasema. "Leo utapaa."

Niliona mbuzi watatu chini, wamefungwa kwenye nguzo, wakitafuna kartoni.

Aliyeniokoa ni mama wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa amekuja kuanua nguo. Hakupaza sauti.

"Huyo si mpelelezi, ni mwehu. Kila siku ananiangushia shuka akikimbilia hizo ndege. Muulizeni. Hata akifumba macho atawaambia inatoka wapi."

Walinivuta nikarudi juu ya paa. Helikopta ilikuwa imepotelea nyuma ya majengo marefu na moshi, lakini mlio wake ulianza kurudi.

"Haya, mtaalamu," mchuna ngozi akasema. "Inatoka wapi? Tushukie upande gani?"

Sikio la kushoto lilikuwa linapiga filimbi tu. Mlio wote uliingia kwa kulia, na mtu wa sikio moja kila kitu kwake hutoka upande mmoja. Nililijua hilo, nimewahi kuwaeleza watu kwa kirefu bila kuulizwa. Jibu la kweli lilikuwa "sijui." Lakini nilikuwa na mkono wa mtu kwenye mshipi wangu, na, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza maishani kuna mtu aliniuliza swali hilo kwa dhati.

"Upande wa soko la Burma," nikasema. "Shukeni bondeni."

Waliniachilia wakashuka mbio. Helikopta ikachomoza kutoka bondeni.

Mchuna ngozi alikuwa mbele. Mkebe wa kitoza machozi ulimpiga usoni kabla haujagusa chini. Alikaa barabarani kama mtu aliyechoka, akashika uso, na kilichotoka kati ya vidole vyake hakikuwa machozi.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda Kiamaiko kumtafuta. Nilimkuta anachuna mbuzi, jicho la kulia limeshonwa. Alinitambua mara moja. Ilibidi nimgeuzie sikio zima ili nimsikie.

"Buda, siku ile ulitutuma huko ukijua?"

"Sikujua. Mlikuwa mmeniua sikio."

"Mbona hukusema?"

"Mngenitupa."

Aliteremsha ngozi hadi shingoni, ikavutika kwa sauti ya shati linalochanika.

"Tungekutupa," akakubali.

Ngurumo ikaanza mahali fulani juu ya mabati. Wachinjaji wote waliinua vichwa. Yeye alizungusha shingo yote kutafuta kwa jicho lililobaki, kisu kikiwa hewani, kisha akanitazama.

"Inatoka wapi?"

"Sijui," nikasema.

Akaendelea kuchuna.