Mayowe ya Ngazini

Tangu mkaza mwana wake, Rawand, aporwe mkoba, Umm Ghaleb hakutulia. Alikaa kwenye cherehani, akashona shati mstari mmoja, akainuka kuchungulia njia kutoka roshani. Akirudi, alikuwa keshasahau alikoachia sindano.

Hapa kwetu Amman, nyumba zimepanda mlima na njia ni ngazi. Alasiri ile Rawand alikuwa akitoka kazini. Kijana akachomoka kwenye nyumba tupu katikati ya ngazi, akauvuta mkoba, Rawand akaanguka na kuvunjika mkono.

Muda si mrefu manispaa ikatuita kwenye ukumbi wa harusi tuseme nini kitangulie kwa usalama wa mtaa. Mhandisi waliyemtuma alitueleza kwamba mwaka huu wanaweza kutufanyia jambo moja tu.

"Kamera!" akasema Abu Mishal, mwoka mikate.

"Kamera itamtazama mwizi mpaka amalize," akamkatiza Sufyan, dereva wa teksi. "Tuleteeni polisi wa doria."

"Wewe na polisi?" Abu Mishal akamrudishia. "Wakiikagua hiyo teksi yako, utahama mtaa!"

Watu wakacheka. Umm Ghaleb hakucheka. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Ile nyumba tupu ibomolewe," akasema. "Basi."

"Mama yangu, ina wenyewe," mhandisi akamjibu. "Wanagombea mirathi mahakamani. Hatuna ruhusa ya kuigusa."

"Kwa hiyo tuvunjike mikono mpaka warithi wapatane?"

Rawand akainuka, mkono wake uliofungwa plasta ukining'inia kifuani. "Mimi nilipiga mayowe. Nikasikia madirisha yakifungwa. Ami Abu Mishal, lako lilikuwa wazi, nawe ukalifunga."

Abu Mishal alijifuta uso kwa kiganja. "Binti yangu, nilidhani ni mtu na mumewe."

"Na kama angekuwa mume wangu?"

Abu Mishal akainama. Na si yeye peke yake. Wengi wetu tulitazama viatu vyetu.

Mikono ilipoinuliwa, taa za ngazini, alizopendekeza mhandisi, ndizo zilizoshinda. Lakini mlangoni, kabla hatujatawanyika, Umm Ghaleb aliwazuia watu. "Taa wataleta wao. Sisi tukisikia yowe, kila mtu afungue mlango na aitike kwa sauti. Hata kama ni paka."

"Tutakuwa vichekesho," Sufyan akanung'unika.

"Wewe mbona ni kichekesho tayari?"

Taa zilikawia. Umm Ghaleb akaisogeza cherehani dirishani, akawa anashona sikio likiwa nje. Kila mtoto akilia anafungua mlango. Jirani akimwita mumewe, anafungua mlango. Rawand akamwambia, "Mama, utaugua." Yeye akasema heri augue.

Mchana mmoja yowe likaja kweli. Lamar, msichana wa chuo, alikuwa amezibiwa njia na mwanamume penye nyumba ile tupu, na mkono wake umeshikwa. Umm Ghaleb akatoka na ndala zisizofanana. "Tuko hapa! Tumekuona!" Milango ikafunguka juu na chini. Abu Mishal alikuja mbio na mti wake mrefu wa kutolea mikate tanurini, unga mpaka kwenye nyusi. Yule mtu akamwachia msichana, akakimbilia bondeni. Sufyan alimfukuza, lakini sigara zilimkata pumzi njiani; akakaa akikohoa, wanawake wakimcheka huku wanalia.

Lamar alipelekwa kwa Umm Ghaleb akanyweshwa chai ya nanaa.

Baadaye taa ziliwekwa. Mlango wa nyumba tupu tuliuziba wenyewe kwa matofali, na haukupita muda mtu akatoboa tundu ubavuni. Rawand alitolewa plasta, akarudi kazini. Asubuhi ya kwanza alisema atashuka peke yake.

"Shuka, nani amekuzuia?" akajibu Umm Ghaleb, huku anatafuta shela yake.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sokoni."

"Soko halijafunguliwa."

"Basi nitalingoja huko huko," akasema, akatangulia kushuka.