Jirani Yangu na Bomba la Changamwe

Siku lilipofunguliwa bomba la maji la mtaani kwetu Changamwe, aliyeteka ndoo ya kwanza mbele ya Bwana DC alikuwa jirani yangu. Ndoo yenyewe ilikuwa yangu.

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, lakini leso bado zilikuwa adimu. Mimi nilikuwa nimeolewa kutoka Rabai, mume wangu akifanya kazi bandarini, na tulikaa pamoja na mavyaa yangu, yaani mama yake. Bomba liliwekwa ukingoni mwa shamba la mavyaa, penye minazi, kwa ruhusa yake. Basi niliposikia kwamba serikali inataka mwanamke mmoja wa mtaa ateke maji ya kwanza, sikuuliza ni nani. Nilifua leso yangu nzuri nikailaza chini ya godoro ili inyooke.

Asubuhi ya baraza jirani yangu alipiga hodi. Tulikuwa tumeolewa mtaani katika msimu uleule, tukawa tunakwenda kisimani pamoja, na mara nyingi nikicheka ni yeye aliyenichekesha. Aliniambia mzee wa mtaa amemwomba ateke yeye.

"Na debe langu limeshika kutu," akasema. "Niazime ile ndoo yako, shoga."

Nilimpa. Ningemnyima kwa neno gani? Mavyaa alikuwa kibarazani akichambua mchele, na hakuinua uso.

Barazani wanaume walikaa upande mmoja, wanawake tukasimama upande mwingine. Watoto wa skuli waliimba, mudiri, ofisa wa serikali wa pale kwetu, akatoa hotuba ndefu, kisha Bwana DC akasema machache kwa Kiswahili chake kigumu. Halafu jirani yangu akaitwa. Alitembea polepole kama mtu aliyekuwa akipita pale kila siku, leso yake ya zamani imemkaa vizuri kuliko ile niliyojifunga mimi, iliyonyooshwa chini ya godoro. Nilitamani ajikwae, wallahi.

Alipofungua koki, bomba lilikohoa, likatema maji mekundu. Watu wa mbele wakarudi nyuma. Yeye hakusogea. Aliyaacha yatiririke mpaka yakawa meupe, akaisuza ndoo, ndipo akaijaza. Mimi ningekimbia, na kulijua hilo kuliniuma zaidi.

Bwana DC alimuuliza kama maji ni mazuri. Jirani yangu akachota kikombe akampa kwa mikono miwili.

"Onja wewe kwanza, Bwana," akasema, "nasi tutakutazama."

Baraza zima lilicheka, hata mudiri. Nikamwona mume wangu akicheka kichwa kimeenda nyuma, kile kicheko ambacho nilidhani nyumbani tu ndiko anakokitoa. Bwana DC akanywa, watu wakapiga makofi. Mimi nilijifanya kufunga leso upya ili mikono yangu iwe na kazi.

Jioni jirani yangu alirudisha ndoo ikiwa imejaa, akasema maji ya kwanza ni haki ya nyumba yetu. Mume wangu alikunywa, akasifu utamu wake, kisha akamsimulia mama yake lile jibu, akiigiza sauti ya jirani yangu. Nikaondoa sahani kabla hajamaliza kula. Aliniuliza nina nini. Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Tangu siku ile nikawa nakwenda kisimani peke yangu. Njia ilikuwa ndefu, kamba ilikuwa imelika, na wanawake wote walikuwa wamehamia bombani. Walioniuliza niliwaambia maji ya bomba yana ladha ya chuma; jirani yangu alipouliza mbona simpitii tena, nilimwambia kichwa kinaniuma. Siku nyingi mavyaa aliniona nikirudi nimelowa jasho. Kisha asubuhi moja akaniita nikae karibu naye.

"Mzee wa mtaa alikuja kwangu kwanza," akasema. "Alikutaka wewe. Nikamwambia mke wa mwanangu hatasimamishwa mbele ya wanaume. Ndipo akaenda kwa mwenzio."

Nilimwitikia abee, kama nilivyofunzwa. Nilikwenda uani nikakaa juu ya kinu. Nilidhani nikishajua hilo, wivu wangu utamwacha jirani yangu na kumgeukia mavyaa, au utaisha kabisa. Haukwenda popote. Mavyaa alikuwa ameninyima kusimama pale, kweli, lakini lile jibu lisingetoka kinywani mwangu hata kama ningesimamishwa mimi.

Kesho yake nilibeba debe nikaenda bombani. Wanawake walikuwa wakimtania jirani yangu, wakimwita bibi wa DC, naye akipokea utani kama aliyezaliwa nao. Aliponiona alisogea, akaniweka mbele yake kwenye foleni, akauliza kama kichwa kimepoa.

"Kimepoa," nikamjibu.

Nikateka, nikajitwika debe langu, nikaondoka bila kumtazama sana. Bado alikuwa akipendeza.