Alama ya Rangi ya Kucha

Mnitukane baadaye. Kwanza nisikilizeni, maana hili nimelibeba peke yangu mpaka chakula hakipiti. Nilimharibia mdogo wangu wa tumbo moja, tena makusudi. Sikulewa, sikurogwa. Ulikuwa wivu tu!

Mimi ni fundi laptop hapa Mwanza, kibanda changu kipo karibu na stendi ya Buzuruga. Mdogo wangu, nitamwita Dogo, kazi hii nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilimpokea hajui hata kushika mita ya kupimia umeme.

Basi akaja kunipita. Hasa kwenye shoti. Laptop yenye shoti haiwaki, ukichomeka chaja hata taa ya chaja inazima. Mimi nitahangaika na mita mpaka jasho linitoke, mwisho namwambia mteja, "Bodi imekufa hii." Dogo anaichukua ile ile, anaiingizia umeme mdogo, volti moja tu, anamwagia spiriti juu ya bodi, anainama kuangalia. Pale spiriti inapokauka kwanza ndipo penye joto, na penye joto ndipo penye shoti. Anang'oa kapasita ndogo kama punje ya ulezi, anaweka nyingine, laptop inawaka. Wateja wanapiga makofi, jamani!

Wakaanza kunipita. Wananisalimia vizuri kabisa, halafu wananiuliza, "Mdogo wako yupo?"

Lile neno! Nimekaa kwenye kibanda changu, bango lina jina langu, mtu ananiuliza mdogo wako yupo! Hata mama yetu alipoleta laptop ya kanisani kwao aliniambia, "Mpe Dogo, wewe usiiguse." Akacheka. Mimi sikucheka, roho iliniuma mpaka nikatoka nje.

Siku moja akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Sengerema. Alivuka kwa kivuko cha Kamanga, laptop kaifunga kwenye kitenge. Marehemu mumewe alikuwa akiongoza kwaya, na sauti yake akifundisha nyimbo ilikuwa humo tu. Laptop yenyewe ni zile nyembamba, hifadhi ya mafaili imelehemiwa kwenye bodi, huwezi kuichomoa ukaiweka kwingine.

"Laptop hata ikifa sina shida, mwanangu," alisema. "Mimi nataka sauti ya mzee."

Alimwambia Dogo. Mimi niko pale pale, nimenyoosha mkono kuipokea.

Dogo akapima, akasema, "Shoti ipo, Mama, ila nitaipata. Ngoja nikanunue spiriti, imeniishia." Akatoka. Mwalimu akakaa nje kwenye benchi.

Sasa sikieni ubaya wangu. Mashine yetu ya kutolea umeme kioo chake cha namba kilikufa zamani. Mimi ndiye niliyepima kwa mita nikaweka alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, kwenye kile kidude cha kuzungushia volti. Alama ikitazama juu, hiyo ni volti moja. Dogo alikuwa hapimi tena. Kaka ameweka alama, basi imetosha.

Nilikichomoa kile kidude. Nikakizungusha kijiti kilichobaki, umeme ukapanda. Nikakirudisha kidude pale pale, alama ikitazama juu kama kawaida.

Nilijiambia utatoka moshi kidogo, aaibike mbele ya Mwalimu, yaishe. Uongo! Mimi ni fundi. Nilijua ile shoti iko kwenye njia inayolisha hifadhi.

Dogo akarudi, akamwaga spiriti, akagusisha waya. Pa! Halafu harufu. Mungu wangu, ile harufu! Chipu ya hifadhi ilikuwa imetoboka.

Mwalimu akasogea, akauliza taratibu, "Sauti ipo?"

Dogo akatikisa kichwa, machozi yanamtoka.

"Au hii mashine yenu ni mbovu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo nilikuwa nao!

Dogo akasema, "Hapana, Mama. Hii mashine aliipima kaka yangu mwenyewe. Kosa ni la mkono wangu."

Mwalimu akaifunga laptop kwenye kitenge vile vile ilivyokuja. Akamfuta Dogo machozi kwa kiganja chake, akaondoka. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilifurahi.

Dogo hakurudi kazini. Nilimfuata nyumbani, akaniambia, "Kaka, mikono yangu siiamini tena." Nikamjibu, "Pole, ndiyo kazi ilivyo." Mjinga mimi! Sasa hivi yuko Kamanga anabeba mizigo ya watu wanaoshuka kwenye kivuko. Mwalimu naye sijathubutu kwenda kumwona.

Wateja bado wanakuja. "Mdogo wako yupo?" Nasema hayupo. Wanabeba laptop zao wanaondoka.

Wewe uliyemfundisha mtu akakupita, nakuomba. Ukisikia roho inakuchemka akisifiwa, toka hapo, kanawe uso, katembee. Usibaki peke yako na vifaa vyake! Mimi nilimaliza maisha ya mwenzangu kwa muda wa mtu kwenda dukani.

Jina langu sijaandika kwa aibu. Lakini najua Dogo anasoma ukurasa huu kwenye simu yake. Mdogo wangu, ukifika kwenye rangi ya kucha utajua ni mimi. Mkono wako haukuwa na kosa. Njoo na mita yako uipime ile mashine, alama ikitazama juu. Sijaigusa tangu siku ile.