Mkono Uliokuwa Nyuma ya Turubai

Mjukuu wangu si mwizi. Naanza na hilo kwa sababu lilisemwa mbele ya darasa zima, na mimi jambo likisemwa hadharani napenda lijibiwe hadharani.

Nyumbani tunamwita Chaki. Alipokuwa mdogo hakuna sakafu aliyoiacha salama, na ukimnawisha mikono maji yalitoka meupe kama ya kuoshea mchele. Sasa ana miaka ishirini na mbili, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea usanifu wa michoro. Watu wakiniuliza hiyo ni kazi gani, nawaambia: tazameni boksi la sabuni, jalada la kitabu, kibao kinachokuonyesha choo cha wanawake hospitalini. Mnadhani viliota vyenyewe? Baba yake, mwanangu wa kwanza, alitaka asomee uuguzi.

"Tangu lini kuchora kukawa kusoma?" alimwuliza.

"Baba, hilo shati lako lina nembo kifuani. Ulipenda kitambaa au ulipenda nembo?"

Mwanangu akaguna, akaenda kujaza fomu.

Miaka mitatu amefanyia kazi kwenye meza yangu ya kulia. Wenzake wanakimbilia kompyuta. Yeye anaanza na penseli na karatasi nyembamba. Anachora herufi moja mara arobaini, anazibandika ukutani, anakunywa chai akizitazama kama mtu anayechagua mchumba. Halafu anachana thelathini na tisa. Nikasema moyoni, huyu ataiweza.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kutengeneza alfabeti nzima, A hadi Z na tarakimu zake, ili itumike kwenye kompyuta. Akaichota kwenye kuta za mtaa wetu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mabango. Geti la shule, kinyozi, duka la dawa, lile ghala lililoandikwa SUKARI NA SABUNI kwa herufi ndefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza: kila mtu anajua ni kazi yake. Chaki alizipiga picha, akazipima kwa rula, akakaa nazo miezi minane. Ukurasa wa kwanza akaandika kwamba herufi hizi ni za babu yake, akabandika na picha ya babu yuko juu ya ngazi, brashi mkononi.

Picha hiyo ndiyo iliyomponza.

Chuoni kuna mwalimu wa herufi ambaye wanafunzi wanamwita Futa, maana hilo ndilo neno lake la asubuhi na la jioni. Futa naye amezichunguza kuta zetu miaka kumi, na anazifundisha.

"Fundi wa kuta hizi alikuwa mtu wa mashoto," akamwambia Chaki mbele ya wenzake. "Ona brashi inavyolala. Babu yako kwenye picha ameshika brashi kwa mkono wa kulia. Sasa tuambie, ni mzee wa nani umemwiba ukamfanya babu?"

Darasa likacheka. Akapewa barua: alete idhini yenye saini ya mwenye herufi kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi yote inafutwa. Na bila kazi hiyo hakuna kuhitimu.

Alirudi nyumbani na barua ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Mwanangu alikuwepo. Alisoma, akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Baba yangu aitwe si fundi? Mtu mtaa mzima unamsalimia mpaka leo kaburini? Mama, mwambie mtoto. Baba alikuwa anaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia," nikasema.

"Haya! Umesikia?"

Chaki hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi. Nilikuwa nakata mkate, na kwa kujisahau kisu nilikishika mkono wa kushoto.

Nilikiweka chini. Lakini jicho likishaona limeona.

Sasa niseme. Mwaka wa pili wa ndoa yetu mume wangu alianguka kutoka kwenye ngazi, akavunjika kifundo cha mkono. Mfupa ukaunga, mtetemo ukabaki. Mtu mwenye mkono unaotetemeka hawezi hata nukta. Tulikuwa na mtoto mgongoni, huyohuyo anayeruka leo. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini shule nzima hakuna aliyekuwa na mwandiko kama wangu, japo darasa la pili mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwenye deski kwa kamba ya kiatu, eti niache mkono wa uchafu. Kamba ilifunguliwa mwisho wa muhula, na mkono ukarudi kazini kwake siku ileile.

Basi mume wangu akanunua turubai. Tukifika kwenye ukuta analitundika mbele, anasema ni la kuzuia vumbi. Mimi naingia ndani na rangi, yeye anabaki nje na wenye duka, anachekesha watu. Alijua kuchekesha, Mungu amrehemu. Nikimaliza, nakohoa. Anaingia, anaweka brashi sikioni, anatoka. Watu wanapiga makofi, mimi nakunja turubai. Nilionekana mke mwema anayembebea mumewe vyombo. Miaka ishirini na sita nilikohoa.

Kabla hajafa aliniambia, "Mke wangu, usinivue nguo." Nikamwahidi. Ahadi hiyo niliibeba vizuri tu, mpaka mtu wa kompyuta alipomwita mjukuu wangu mwizi kwa sababu yake.

Ijumaa nilivaa gauni langu la harusi za watu, nikafunga brashi yangu kwenye kitambaa, nikaenda. Mwanangu alikataa kunisindikiza. Sikumwambia naenda kusema nini, ila nadhani alishajua.

Chumba cha herufi kina kompyuta ishirini na harufu ya zulia jipya. Futa alikuwepo, na mkuu wa idara, mama mmoja mwenye miwani shingoni.

"Shikamoo bibi," alisema Futa. "Tunaelewa uchungu wa familia, lakini chuo kina utaratibu. Tunamtaka mwenye herufi."

"Marahaba. Ndiye anayekusalimia."

Akatabasamu vile watu wanavyotabasamia wazee. "Bibi, ni kazi ya ngazi na jua, ile. Ya wanaume."

"Ngazi ilikuambia?" nikamwuliza. "Niletee rangi."

Chuo kizima cha wachoraji hakikuwa na kopo la rangi! Walikimbizana kwenye korido mpaka mfagizi akaleta nusu kopo lililobaki walipopaka mlango wa stoo. Nikatandika karatasi kubwa juu ya meza. Nikachovya, nikakamua brashi kwenye ukingo wa kopo, nikashusha pumzi. Kwa mkono wa kushoto nikaandika S.

S haianzwi kichwani. Anayeanzia kichwani hujikuta amefika chini na nafasi imekwisha. S inaanzwa tumboni, pigo moja la katikati, kisha unaivisha kichwa, kisha mkia. Mkono ulikuwa mzito, una miaka sabini na moja. Lakini tumbo lilikaa.

Futa aliinama mpaka pua ikakaribia rangi. Akalifuata pigo la katikati kwa kidole, bila kuligusa.

"Tumboni," akasema. "Miaka kumi najiuliza alianzia wapi."

"Ungeuliza mtaani, badala ya kujiuliza hapa."

Mkuu wa idara akaniletea karatasi ya idhini. Nikatia saini, kwa mkono uleule. Futa akaanza kusema habari za kunirekodi, nije kuwaonyesha wanafunzi.

"Umwombe radhi kwanza," nikasema. "Mbele ya waliocheka."

"Bibi, tulifuata utaratibu..."

"Basi mwite utaratibu aje akuonyeshe S."

Kazi ya Chaki ilipokelewa siku ile. Radhi haijaombwa mpaka leo, nami sijarudi kule.

Nilidhani njiani atanishukuru. Alitembea hatua mbili mbele yangu hadi kona ya ghala. Chini ya SUKARI NA SABUNI akageuka.

"Bibi, mimi nilipoanza kushika penseli, nilishika kwa mkono gani?"

Nikakihamishia kwapani kitambaa chenye brashi.

"Baba aliwahi kunisimulia. Wa kushoto. Na aliyekuwa ananipiga vidole mpaka nikahamia kulia ni wewe. Wewe, bibi! Nikidhani nina mkono mchafu. Kumbe ulikuwa unaficha wako."

"Sikutaka wakufunge kamba."

"Ukanifunga wewe."

Nimejibizana na wenye maduka, na mume, na mwalimu mwenye kompyuta ishirini. Huyu nilimtazama vidole vyake tu. Hasira yote niliyotoka nayo nyumbani ilitafuta pa kwenda, ikanirudia.

Mwanangu hajafika kwangu wiki ya tatu sasa. Anasema nimemvua baba yake nguo, na ni kweli. Picha ya ngazi iko palepale ukutani, sikuitoa. Mtu yule nilimpenda. Chaki anakuja, lakini hanisemeshi zaidi ya salamu. Jana alikaa kwenye meza yangu na karatasi yake nyembamba. Akahamisha penseli mkono wa kushoto. Akachora S, imepinda kama msumari ulioota kutu.

"Umeanzia kichwani," nikamwambia.

Hakuinua uso.

"Mbaya?"

"Mbaya sana. Anzia tumboni."

Akachana karatasi, akachukua nyingine.