Barua ya Daraja Niliyoificha Waziri Alipohamishwa

Kosa ni langu, wala simsingizii mtu. Nina shahada, nina miaka arobaini na tisa, na nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya!

Nilikuwa msaidizi wa waziri mmoja wa huku kwetu. Nilimfuata katika wizara tatu: barabara, kisha biashara, kisha kilimo. Alipokuwa wa barabara, nilimsihi hadi akatia sahihi barua ya kuidhinisha daraja kwenye kijito cha kwetu, karibu na Adungosi.

Kabla barua haijatumwa kwa wahandisi, redio ikatangaza mabadiliko ya mawaziri. Tulipewa hadi jioni kuondoka. Katika ofisi za mawaziri kuna desturi mbaya: anayekuja haachiwi sifa. Bosi alinitazama nikipanga mafaili.

"Sasa mama, huyo jamaa akuje kukata utepe kwetu? Si watatucheka mpaka Malaba!"

Hakuniamuru. Nilicheka, nikaitia barua mkobani. Nilijiambia kwamba atarudishwa wizara ile, tulizindue daraja wenyewe. Hakurudishwa!

Wakati wa mvua za mwaka jana, nikiwa nyumbani likizoni, mdogo wangu alishikwa na uchungu wa kujifungua asubuhi. Tulipanda bodaboda kwenda hospitali, mimi nyuma nikimshikilia. Kijitoni, dereva alizima pikipiki.

"Mama, hapa sivuki. Hii maji itatubeba sisi wote."

Tukageuza kuifuata njia ya mbali. Mdogo wangu alinibana mkono. "Dada, kwani serikali ilikataa hii daraja?"

Nilimshika kwa nguvu zaidi, nikamhimiza dereva aongeze mwendo. Ee Mungu wangu, nilimshika tu!

Mtoto alizaliwa bila kulia.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea mdogo wangu barua ile ya daraja. Aliisoma polepole, kuanzia kichwa hadi muhuri.

"Kumbe daraja ulikuwa nayo kwa mkoba," akasema. "Na ukanishika tu."

Hajapokea simu yangu tangu siku hiyo. Kazi nimeiacha. Barua niliirudisha wizarani mwenyewe. Karani akaniambia imeshapitwa na wakati, wanakijiji waombe upya.

Ninyi mnaowabebea wakubwa mafaili, nawasihi: siku ya kuhama, acheni kila karatasi mezani, hata kama atakayepigiwa makofi ni hasimu wenu. Mkubwa wenu atapewa wizara nyingine. Mdogo wangu hajapewa mtoto mwingine.