Siku Nilipomvulia Mkwe Samaki Salonini

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua habari yangu mmeshaisikia kwenye simu zenu na nyuma ya kwaya kanisani, na wengine mmenipa hata jina, Koko Kioo, mkidhani bibi hasikii. Nasikia. Kuaibika niliaibika, sikatai, nilipiga magoti mbele ya baba mkwe nimelowa mpaka kichwani, na majirani wote wa upande huu wa maporomoko, hapa Kisangani, wakaniona kwa dirisha. Lakini kwa sababu kila mmoja anaisimulia akitia chumvi yake, basi na mwenye aibu aisimulie, ili mkicheka mcheke kitu cha kweli.

Ilianza na kile kioo. Mwanangu Gaston, ninayekaa kwake pamoja na binti yake Nadège, aliachiwa aquarium na bwana mmoja mgeni aliyekuwa anahama mji. Sasa, aquarium mnazozijua ninyi zinalala kama sanduku. Hii ilisimama, ndefu ya kunifika kichwani, nyembamba kama kabati la mtu asiye na nguo. Gaston akaiweka salonini kando ya canapé, kiti kirefu cha wageni, akaijaza maji, akachomeka kamashine ka kupuliza hewa. Bon, wakabaki samaki.

Nadège (mtoto anayeuliza simu kila kitu, hata namna ya kupika pondu, majani ya muhogo) akaniambia kwamba kioo cha namna ile hakitaki samaki wa kuokota tu. Akanieleza kwamba maji yakiwa marefu na uso wa juu ni mdogo, hewa inaingia kidogo, kwa hiyo wawekwe wachache. Na samaki wa kukimbia hana pa kukimbilia mle, kila akigeuka atagonga ukuta, afadhali tusamaki tudogo twa maji yaliyotulia, twenye kupanda na kushuka, twingine twa kukaa juu, twingine katikati. Nikamsikiliza mpaka mwisho, maana sijamkataza mtu kusema. Kisha nikamuuliza ile simu yake ilizaliwa wapi.

"Koko, si mimi nasema. Ni watu wenye kufugaka samaki."

"Baba yangu alishusha vikapu mu maporomoko mbele mama yako azaliwe. Samaki nitachagua mimi."

Uamuzi wenyewe ni huo, hakuna mwingine. Nikaenda mwenyewe ukingoni, pirogue, ile mitumbwi ya wavuvi, zinapoteremsha samaki, nikachagua kama ninavyochagua siku zote: nikaangalia jicho, nikafunua shavu, nikaminya mgongo. Nikachukua mboto wa upana wa kiganja, wenye mistari myeusi, wametoka palepale kwenye maji yanayonguruma, na ngolo mmoja mnene mwenye ndevu nzuri. Na hili nalisema bila haya: walikuwa samaki wazuri. Hakuna mwanamke wa Lubunga ng'ambo wala wa huku angechagua vizuri kuliko mimi. Nilichagua samaki, nyumba yao ndiyo sikuichagua.

Alors, ikafika siku ya wakwe. Nadège alikuwa na mchumba wake, Trésor, na familia ya kijana ilikuwa inatoka Yanonge kuja kukaa na sisi mara ya kwanza. Mtoto alipiga pasi kila kitu, hata mapazia yakiwa dirishani. Na jueni desturi yetu sisi familia za mto, maana siku hizi mnasahau: mkwe akija mara ya kwanza anaonyeshwa samaki akiwa hai, ananyoosha kidole, na yule aliyemuonyesha ndiye wake. Humbadilishii. Hata ukimpa mkubwa kuliko yule, umemwambia kwamba hapa si kwake. Kwa hiyo nilikuwa nimeweka uani beseni lenye samaki wa wageni, safi, amefunikwa kwa majani, kila kitu tayari.

Halafu, Gaston akiwa ameenda kutafuta vinywaji, courant ya umeme ikakatika, kama ilivyo tabia yake, kamashine kakanyamaza, na mboto wangu wakapanda juu midomo wazi. Mimi samaki wangu nawajua: samaki wa maporomoko anataka maji ya kukimbia. Donc nikachukua mwiko mrefu wa fufu, nikapanda juu ya kiti, nikaanza kukoroga ile aquarium kwa nguvu zote, niwape mto wao. Na walipata nafuu (hilo Nadège hawaambiagi), mkia ukaanza kucheza. Nikaongeza mwendo, mwiko ukaniponyoka, ukazama mpaka chini.

Sikuweza kuuacha, fufu ya wageni ningeisonga na nini? Nikaingiza mkono mpaka begani, shavu limebanwa kwenye ukingo wa kioo, kitambaa cha kichwa kikafunguka kikaingia chote ndani, na hapo nikasikia hodi, na mwenye kupiga hodi ameshaingia, maana Nadège alikuwa ameacha mlango wazi kwa heshima.

Baba yake Trésor, Papa Bosco, mtu mkubwa mwenye kofia, alisimama katikati ya salon. Akaniangalia mimi, akaangalia kitambaa changu kinavyozunguka na mboto, akaangalia mwiko kule chini.

"Mama mukwe," akasema pole pole, "kwenu munapikaka mu kioo?"

Hapo ningeshuka, ningecheka, ningewapeleka uani kwenye beseni, mambo yangeishia hapo. Lakini dada yake, Mama Georgine, mwanamke mwembamba aliyekuja naye, alitabasamu kwa nusu ya mdomo, na mimi si mtu wa kutabasamiwa nikiwa juu ya kiti. Nikamjibu kwamba hapana, nilikuwa nawatayarishia samaki wao, na Papa mukwe asogee, anyooshe kidole.

Nadège, aliyekuwa ameshika sinia ya glasi, akafumba macho.

Papa Bosco akainama mbele ya kioo, akachukua wakati wake, akamuonyesha mboto mkubwa kuliko wote. Trésor nyuma yake alikuwa anaangalia viatu vyake mwenyewe.

Basi mnione, mtoto wa maporomoko, nashindwa kukamata samaki ndani ya salon ya mwanangu. Mto una kona ya kumbania samaki. Kile kioo kina chini tu. Ukiingiza mkono, mboto anashuka. Mkono ukiisha, yeye bado anashuka. Kawavu ka Gaston kalikuwa na mpini mfupi kama kijiko. Nikatoa mkono, nikaingiza ule mwingine, kikwembe changu kipya kimelowa upande mzima, na dirishani vichwa vya majirani vikaanza kuongezeka.

"Tulisikiaka watu ya maporomoko banakamata samaki mu maji ya kukimbia," akasema Mama Georgine. "Kumbe maji ya kusimama ndiyo iko nguvu."

Nadège akanisogelea, akaninong'oneza: "Koko, bape ule wa mu beseni. Tafadhali. Usiniharibie."

Niliona macho yake na yaliniuma, mimi si jiwe. Lakini mtu alikuwa ameshanyoosha kidole. Kumletea wa beseni ilikuwa kumfukuza na kumfukuza Trésor pamoja naye. Nikamwambia mtoto alete kopo na ndoo.

Tukachota maji mpaka yakabaki nusu, mkono bado haufiki. Ndipo nikaamuru tukiinamishe pole pole, kama unavyoinamisha mtungi, Papa Bosco upande mmoja, mimi na Trésor upande wa pili, Mama Georgine kakaa kwenye canapé anatushauri. Kitu kirefu chenye makalio madogo hakiinami pole pole, vijana. Kilienda chote. Kioo chenyewe kilikuwa kinene, kikalala juu ya canapé bila kupasuka (Mama Georgine aliruka kama msichana), lakini maji yalichukua wakwe, mazulia, glasi na heshima yangu. Ngolo akashika njia ya mlango kwa tumbo lake mwenyewe, akatoka uani, na huko nje nikasikia watu wanamshangilia kama ameshinda mbio.

Mimi sikuangalia ngolo. Nilimuona mboto wa Papa Bosco anaruka kuelekea chini ya kabati. Mbele ya baba mkwe mwanamke anakaa mbali na anainamisha sauti. Mimi nilipiga magoti, nikateleza kwa kifua, nikamtupia kikwembe, nikaingiza kidole kwenye shavu lake na nikamwinua juu, kichwa wazi, maji yananitoka puani.

"Papa mukwe," nikasema, "wako ule uliyemuonyesha."

Nadège alikuwa anatoa machozi bila sauti. Papa Bosco akavua kofia, akamwaga maji yaliyokuwemo.

"Mama," akasema, "Yanonge mugeni anapewaka samaki mu sahani. Kwenu anapewa pamoja na mto yake."

Kisha akamgeukia dada yake, akamwambia mbele yetu wote kwamba nyumba ambayo koko anapiga magoti mu maji juu ya samaki ya mugeni, mtoto wao hatalala njaa kwa watu hao, na kwamba yeye amekubali. Mama Georgine akakamua kikwembe chake na hakusema kitu, na kwake hiyo ni baraka. Gaston aliporudi na vinywaji alikuta ndoa ya binti yake inazungumzwa na watu waliovaa mashati yake yote. Mboto tulimpika kwenye majani, na fufu (mwiko niliupata), na Papa Bosco hakuacha hata kichwa.

Wale mboto waliobaki niliwarudisha mimi mwenyewe kwenye maporomoko. Walienda bila kuniaga. Nacheka ninapoandika, lakini msinielewe vibaya: Papa Bosco angerudi kesho, akanyoosha kidole tena, ningepiga magoti tena.

Ila kioo kiliposimamishwa pale pale na Nadège akaniuliza kwa woga kama anaweza kuchagua, niliita nyumba nzima, nikawaambia: "Nadège atachagua. Lakini samaki wa kioo awe mudogo, mudogo kabisa, mugeni yoyote akimuona asisikie njaa."