Kidonge cha Dagane Hakiliwi Peke Yake

Dagane, dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa, hakujua kula peke yake. Akiagiza chai, aliagiza ya meza nzima. Akichinja mbuzi, hata jirani wa nyumba ya saba alipata mfupa. Tabia hiyo ilimpa sifa mjini, na nusura impeleke kaburini.

Mwaka uliopita moyo ulimkamata katikati ya kupatanisha bei ya dume la ngamia. Alikimbizwa Nairobi, mshipa wa moyo ulioziba ukazibuliwa, na ndani yake kikaachwa kibomba cha wavu wa chuma. Alirudi na sharti moja: kidonge cha kuzuia damu kuganda, kila siku, asikose.

Akawa anakimeza kwenye kibanda cha chai, kwa madaha, wenzake wakimtazama. Siku moja Alio, rafiki yake tangu wachunge pamoja, akajishika kifua.

"War, wewe Dagane, hata mimi hapa kunachoma nikishakula nyama."

Mtu mwingine angesema pole. Dagane alifungua kichupa.

"Bismillahi. Hiki kimenirudisha mimi kutoka kwa Malaika wa mauti. Kwako kitashindwa na nini?"

Alio alimeza, akacheua, akatangaza kwamba amepona. Kabla ya Ijumaa Dagane alikuwa na wagonjwa wanne, na dawa ya mwezi ikawa inaisha siku ya nane. Hodan, mkewe, kila alipouliza kuhusu dawa, alijibiwa, "Imeliwa." Wala Dagane hakuwa amedanganya.

Siku ya kliniki ilipofika, Daktari Kathure, mama wa Meru asiyependa maneno mengi, alimtoa damu akaipitisha kwenye mashine. Kisha akaipitisha tena.

"Mzee, kwenye damu kuna chembe ndogo sana. Ukijikata, zinakimbilia kidonda zinashikana, damu inakoma. Lakini wewe zikishikana ndani ya kile kibomba, mshipa unaziba tena. Dawa kazi yake ni kuzilegeza. Zako hazijalegea hata kidogo."

"Damu yangu iko na nguvu?" Dagane aliuliza.

"Nguvu kupita kiasi. Ni kama hujaonja dawa. Kuna watu ambao miili yao haiitikii kidonge hiki. Itabidi nikubadilishie."

Hofu ilipaswa kumshika, lakini kilichomshika ni fahari. Akanyoosha mgongo. "Daktari, mimi nimekuzwa na maziwa ya ngamia. Hii damu haiogopi dawa."

Alikuwa bado anajisifu mlango uliposukumwa. Aliingia kinyozi wa sokoni, wembe ungali mkononi, akimkokota Alio aliyefunikwa shingo kwa taulo iliyolowa damu.

"Nimemgusa kidogo tu!" kinyozi alilia. "Saa nzima haikomi! Wateja wote wamekimbia!"

Alio akamwona rafiki yake. "Dagane! Kidonge chako kimenifungulia bomba!"

Daktari Kathure alikandamiza jeraha la Alio kwa pamba, akamgeukia Dagane polepole.

"Kidonge chake?"

Dagane alianza kusoma bango la chanjo ukutani.

"Mzee."

"Daktari, sisi hapana kula peke yetu. Ni aibu. Wageni walipewa kwanza, mimi nikakosa."

"Hii ni dawa, si halua! Huyu ana kiungulia, na wewe umemnywesha kitu ambacho kingemtoboa tumbo. Nawe mwenyewe, mshipa ukiziba leo, ambulensi haitafika hata Mwingi, nusu ya njia ya Nairobi, ukiwa hai. Umenielewa?"

Alielewa. Akatafuta kiti. Akaona nyumba yake imejaa waombolezaji, na Hodan akiwaambia watu kwamba dawa ililiwa.

Kuanzia siku hiyo kichupa kilikaa kwa Hodan. Kila alfajiri baada ya swala alimwekea kidonge ulimini, kisha akasema, "Fungua. Inua ulimi." Dagane, aliyezoea kukagua meno ya ngamia, alifungua. Wiki mbili baadaye mashine ilionyesha chembe zimelegea sawasawa, na ile damu isiyoogopa dawa haikutajwa tena.

Waliobaki ni wale wagonjwa wengine watatu. Daktari aliamuru waletwe, na Dagane akawaswaga mmoja mmoja hadi kliniki. Wawili walikuwa wazima kabisa. Wa tatu, Abdihafid, muuza nyasi aliyekuwa akisema anachoka tu akibeba mzigo, alipopimwa moyo alikutwa na mshipa uliokaribia kuziba. Alipelekwa Nairobi wiki hiyohiyo, akarudi na kibomba chake na kichupa chake.

Sokoni Dagane husimulia kwamba yeye ndiye aliyegundua ugonjwa wa Abdihafid. Daktari Kathure amesikia maneno hayo. Anasema hayakanushi, mradi mzee asiwe na kidonge mfukoni.